Gambuti za Kuvukia

Mwanangu Gadi,

Jana ulipokuwa umepiga magoti juu ya sanduku ukilishindilia lifungike, uliniuliza hizi gambuti ni za nini, nami nikakwambia funga tu. Ukanitazama kama anavyotazamwa mzee aliyeanza kusahau majina ya watu. Sikulaumu. Viatu virefu vya mpira, vya kukanyagia matope, vimenunuliwa katika mji ambao mvua ikinyesha watu wanatoka nje kupiga picha, na kwa ajili yavyo ukalazimika kuacha viatu vyako vya mpira wa kikapu. Nitakueleza. Ila nitaeleza kwa kuzunguka, kama basi la shule, na wewe utakuwa angani usiweze kunikatiza.

Nakuandikia ndani ya basi. Nimeshusha watoto wa asubuhi, na mpaka mchana hakuna anayenihitaji. Madereva wenzangu wamelala, kila mtu katika basi lake, injini zinanguruma kwa ajili ya ubaridi. Nimekaa kwenye kiti chako, kile cha nyuma ya dereva, ulichokikalia tangu miguu yako ikiwa haifiki chini. Miaka yote hiyo nilikuona kwenye kioo tu, kipande cha uso na macho ya usingizi. Leo nimekaa hapa nikagundua kwamba wewe ulikuwa ukiona kisogo changu. Baba mzima, umemjua kwa kisogo.

Sitakuandikia habari za kufua, wala za laini ya simu, wala za kutokunywa maji ya mtoni. Umelelewa na mwanamume peke yake, unapika chapati laini kuliko zangu, na hayo mengine utayajua kwa kuharibikiwa kama kila mtu. Nataka kukwambia habari za jina lako, kwa sababu kesho unaenda mahali ambapo litafika kabla yako.

Babu yako alipoenda kubatizwa akiwa kijana, wenzake walikuwa wameshachukua majina yote mazuri. Petro ameenda, Yohana ameenda, Daudi wako watatu. Mwalimu akamsomea wana kumi na wawili wa Yakobo achague. Alipofika kwa Gadi, babu yako akauliza, "Huyu alifanya nini?" Mwalimu akafikiri, akasema hakumbuki. Babu yako akasema, "Basi nipe huyo. Hana mtu."

Sisi wanawe akatupa majina ya ukoo huohuo. Kaka yangu akaitwa Asheri, ambaye katika Maandiko alitoka tumbo moja na Gadi. Mimi nikaitwa Manase, ambaye kabila lake liligawanyika, nusu ng'ambo hii ya mto na nusu ng'ambo ile. Wazazi wangejua wanachokifanya wanapotoa majina, wangeogopa.

Babu alifariki miezi michache kabla hujazaliwa, kwa hiyo jina likawa lako. Na kwetu jina la marehemu halipewi mtoto kwa ajili ya kumwitia chakula tu. Anayelibeba ndiye mwenyewe amerudi. Mama yako alikuwa akikuogesha kwenye beseni huku amegeuza uso ukutani, akisema hawezi kumtazama baba mkwe wake akiwa uchi. Alikuita "Baba mkwe" mpaka ukaanza shule, na mwalimu alipokuuliza majina yako yote ukalitaja na hilo. Mama yako alicheka mpaka akakaa chini.

Yeye ndiye aliyeipenda habari ya Gadi wa zamani, ingawa aliyempenda hasa ni mama mtu, Zilpa. Zilpa alikuwa kijakazi wa Lea, akatolewa kwa Yakobo azae watoto, kama mtu anavyoazimana sufuria na jirani. "Amezaa makabila mawili mazima," mama yako alisema, "na hakuna mahali anaulizwa hata kama amekula." Wakati huo, kabla hujazaliwa, alikuwa bado analea mapacha wa madam mmoja, anakuja kwangu Ijumaa na kurudi Ijumaa hiyohiyo. Nilimwambia Zilpa hajasema neno hata moja katika Maandiko yote. Akanijibu, "Alisema. Hakukuwa na wa kuandika."

Sasa sikiliza walichofanya wana wa Gadi, maana hukukisikia kanisani, ulikuwa unalala.

Wana wa Israeli walikuwa wametembea jangwani miaka arobaini, wamebakiza mto mmoja tu kuingia nchi waliyoahidiwa. Watu wa Gadi walikuwa na ng'ombe wengi. Wakatazama huku na huku, wakaona majani ni mazuri, wakamwendea Musa wakamwambia, sisi utuache hapahapa. Mto mmoja umebaki, na mtu anasema hapa panatosha. Watu wengine wakisoma hapo wanawashangaa. Mimi siwashangai. Nilikuja huku Dubai kwa mkataba wa miaka miwili.

Unamkumbuka Bi Salma, matroni wetu wa basi, aliyekuwa akikupa visheti kwa siri ili watoto wengine wasione. Siku moja nilimwambia nikipata kidogo tu nitarudi kwetu. Akaendelea kufunga mikanda ya watoto, akasema, "Baba yangu na yeye alisema vivyo hivyo, mwanangu. Kidogo tu. Leo hii Unguja sina hata pa kuweka mkeka. Tumebakiwa na mapishi." Alisema bila huzuni, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Nilishindwa kuendesha vizuri siku ile.

Musa aliwakasirikia watu wa Gadi. Ndugu zenu waende vitani, nanyi mkae? Nao wakaahidi. Tutajenga mazizi ya mifugo na miji ya watoto wetu, kisha tutavuka pamoja na ndugu zetu, tena tutatangulia mbele yao, na haturudi kwetu mpaka kila mmoja wao apate fungu lake. Wakavuka kweli. Wakapigana vita vya watu wengine miaka mingi, ndipo wakarudi. Na walipokuwa wakirudi wakajenga madhabahu pale mtoni, kubwa ya kuonekana kwa mbali. Ndugu zao waliposikia wakashika silaha, wakidhani hawa wamejitenga na kuanzisha ibada yao. Bahati nzuri wakatokea wenye akili, wakasema tuwaulize kwanza. Wana wa Gadi wakajibu kwamba hawakuijenga kwa ajili ya sadaka. Waliogopa kwamba siku moja watoto wa ng'ambo ile watawaambia watoto wa ng'ambo hii, mto ndio mpaka, ninyi hamna fungu kwetu. Madhabahu ile ilikuwa shahidi.

Mwezi uliopita tulikuwa tunakula, nikakwambia chuo umepata, unaenda nyumbani. Ukaniambia kwa upole, bila hata kuacha kutafuna, "Daddy, kule ni kwenu. Mimi sina kwetu kule." Niliinuka kwenda kuosha sahani ambayo ilikuwa haijaisha chakula. Sasa unajua kwa nini.

Hofu hiyo nilikuwa nayo tangu ukiwa mchanga. Nilikutazama umelala katika chumba chetu kimoja pale Discovery Gardens, nje ndege zinapita, nikajua utakua ukiijua njia ya dukani hapa na hujui njia ya kisimani kwetu. Hapa kibali kikiisha ni khalas, unakunja godoro. Kule watasema wewe ni wa Dubai. Nikaamua nijenge. Nilijenga nyumba katika boma la babu yako, ya mawe, sakafu ya vigae, paa la mabati ya buluu linaloonekana toka barabarani, na geti. Fundi alikuwa ananitumia picha kwenye simu, nawaonyesha madereva wenzangu mpaka wakawa wananikimbia. Nilijiambia, hii ndiyo madhabahu yangu. Mtu akimwambia mwanangu hana fungu, amwonyeshe paa.

Kosa langu lilikuwa kwamba kaka yangu Asheri alikuwa bado anaishi kwenye nyumba ya udongo aliyojengewa na baba akiwa kijana.

Wewe huwezi kujua uzito wake, ngoja nikueleze. Kwetu mdogo hajengi kabla ya mkubwa. Hata ukiwa na uwezo wa kununua kijiji kizima, unamwinua kaka kwanza, hata kwa kibanda, ndipo unaanza msingi wako. Ukimpita, umetangaza mbele ya watu kwamba hayupo. Hilo nililijua tangu nikichunga mbuzi. Na Asheri alikuwa ameshanipigia simu kabla sijaanza, akaniomba nimsaidie mabati aondoe nyasi. Nilimjibu, "Inshallah, kaka."

Nilikuwa nimejifunza neno hilo ofisini, kwa wale sir wanaolitumia ukiomba likizo. Linatamkwa kwa tabasamu, na ukilisikia hivyo unajua jibu ni hapana. Bi Salma alinisikia siku hiyo nikizungumza na simu, akanivuta shati. "Manase, neno hilo la Mungu. Usilifanye pazia." Nilimcheka. Halafu nikaendelea kumtumia fundi pesa.

Nilipoenda likizo kuifungua nyumba, watu walijaa, ng'ombe alichinjwa, mchungaji aliomba sala ndefu ya kuchosha. Asheri alikuja mwisho. Alisimama getini, nje, akaitazama nyumba toka msingi hadi paa, akasema, "Umeniruka."

Ningeweza kusema nisamehe. Maneno hayo yalikuwa karibu kabisa, kwenye ulimi. Lakini kulikuwa na watu, na mimi nilikuwa nimevaa saa mpya. Nikasema, "Nani alikukataza kujenga?"

Akageuka akaenda zake. Hajawahi kuingia ndani ya nyumba ile mpaka leo.

Ulikuwa na miaka saba mama yako alipofariki, tukampeleka nyumbani. Najua unakumbuka mbuzi na maandazi, na shangazi mmoja aliyekuwa akilia kwa sauti ya kuimba. Jambo moja hukuliona kwa kuwa ulikuwa umelala. Baba yako mkubwa ndiye aliyechimba kaburi, yeye na vijana, akakataa kubadilishana jembe. Na kila usiku mama yako alipokuwa amelazwa sebuleni, Asheri aliwasha moto uani, akakaa hapo mpaka kunakucha ili mama yako asije akalala peke yake. Mkewe alimletea blanketi. Mimi nilikuwa ndani, hatua chache tu, nikimwona kupitia dirisha langu zuri la vioo. Sikutoka. Nilisubiri aingie, naye alisubiri nitoke. Tukamzika mama yako bila kusalimiana.

Tulipokuwa tunaondoka alikubeba mabegani mpaka kwenye gari. Alikushusha, akakurekebisha kola, akarudi shambani.

Hapo ndipo nilipopaswa kusoma hadithi ya Gadi upya, lakini mtu huisoma vizuri ikishamuumiza. Miaka mingi nilikuwa nimeshika ile sehemu ya mwisho, ya madhabahu na ushahidi, nikaruka ya kwanza. Watu wale hawakuanza na madhabahu, Gadi. Walianza kwa kuvuka. Walimsimamia ndugu yao mpaka akapata pake, ndipo wakarudi na kuweka mawe yao. Mimi niliweka mawe kwanza, na mto sikuuvuka. Kwa hiyo ile nyumba haijashuhudia chochote. Imekaa tu pale na paa lake la buluu, buibui wanaishi vizuri.

Utaniuliza kwa nini sikupiga simu mwaka uliofuata, au uliofuata huo. Kila mwaka ulifanya mwaka wa kimya uliotangulia uwe mzito zaidi kuuinua. Na upweke wa huku una udanganyifu wake. Unafanya kazi, unalipa pango, Ijumaa unakutana na watu wa kwenu, mnakula, mnacheka, mnajiita ndugu, na wote mnajua mmoja wenu akiugua mtachanga na kuagana naye uwanja wa ndege. Nilikuwa na wewe, nikajiona nina ukoo mzima. Nilikutwisha mzigo huo bila kukuuliza. Ulipokuwa ukichelewa dakika chache kutoka kwa wenzako, nilikuwa nasimama dirishani kama mke.

Kuanzia wiki ijayo nahama. Nimepata kitanda Al Mankhool, katika chumba cha madereva. Sikukwambia kwa sababu ungeanza kunihurumia, na mimi huruma yako siiwezi. Vyombo vya mama yako nimempa Bi Salma, isipokuwa ile beseni. Hiyo mtaniachia nionekane kichaa.

Sasa gambuti.

Wiki mbili zilizopita nilimpigia simu Asheri. Nilikuwa nimekaa papa hapa ndani ya basi. Alipopokea nikasema, "Kaka, ni Manase." Nikasikia kuku, na mtu anapasua kuni. Nilikuwa nimejiandaa, nikatoa yote kwa pumzi moja. Kwamba nilimruka. Kwamba nilijua ninachokifanya. Kwamba kabla mtoto hajafika nataka kutuma mabati, na saruji, na fundi, nyumba yake isimame kwanza hata kama imechelewa.

Akasema, "Mabati nimeshaezeka."

Nikauliza lini. "Mwaka wa tatu huu. Nilinunua kidogo kidogo."

Hakusema kwa hasira. Hasira ningeijibu. Nilikaa na simu sikioni, sina cha kumpa kaka yangu duniani. Yale mabati niliyomnyima, ambayo nilikuwa nimeyabeba moyoni miaka yote nikidhani siku nikiyatoa mambo yatakwisha, yalikuwa hayahitajiki. Alikuwa amevuka mto peke yake, akapata fungu lake peke yake, na mimi, nisiyefika kule kwa miaka, hata habari sikuwa nayo.

Kabla sijakwambia alichosema baadaye, nikwambie desturi nyingine. Mgeni akifika kwetu anachinjiwa kuku. Anawekewa kiti kizuri, anapewa firigisi, watoto wanafukuzwa wasimsumbue, na akinyanyua hata kikombe wanampokonya. Ni heshima kubwa, nami nimeipata kila nilipokwenda likizo tangu siku ile ya getini. Lakini mtoto wa boma hachinjiwi. Akifika anaambiwa, vizuri umekuja, chukua ndoo. Kwa hiyo niliogopa kuku, Gadi. Nililala macho wazi nikikuwazia umekaa kwenye kiti kizuri, mbele yako sahani ya kuku, na hakuna anayekutuma.

Basi, turudi kwenye simu ile. Nikadhani amekata. Halafu Asheri akauliza, "Baba anafika lini?"

Nilijua mara moja anamsema nani. Hakuna mtu aliyekuita hivyo tangu mama yako. Nikamwambia siku na saa. Nikasema funguo za nyumba nitampa mtoto aje nazo.

"Ya nini?" akasema. "Baba hatalala kwenye nyumba isiyo na moto. Atalala kwangu."

Nikasema sawa, kaka.

"Na mwambie aje na gambuti," akasema. "Mvua imeanza, na ng'ombe hawajikamui." Akakata.

Nilizitafuta mji mzima. Maduka makubwa yaliniletea viatu vya kupandia milima. Mwishowe nilizipata kwa Mhindi mmoja anayewauzia vifaa watu wa ujenzi, nikamwambia ni za mwanangu, akauliza anafanya kazi saiti gani. Nikamwambia anaenda kukamua ng'ombe wa baba yake mkubwa. Akanitazama, akanipunguzia bei bila kuombwa.

Kwa hiyo zivae, Gadi. Usiwe mjuaji, usimwambie huko Dubai tunafanya hivi. Ng'ombe atakupiga teke, binamu zako watakucheka, na Kiluhya chako kitawafurahisha mpaka Krismasi. Ukitumwa, nenda. Jioni kaa karibu na moto wake, hata kama moshi unakuumiza macho, na usinitetee kwake. Akitaka kunisema, msikilize mpaka amalize.

Funguo za nyumba ziko kwenye mguu wa kushoto wa gambuti, nimezifunga ndani ya soksi. Zitunze, lakini usifungue. Siku atakayotaka kuingia, mwachie yeye afungue.

Saa ya watoto kutoka imekaribia na Bi Salma anagonga kioo, anasema yalla. Lazima nirudi kwenye kiti changu.

Nimeyaeleza yote isipokuwa neno moja. Siku ile kwenye simu nilikuwa na swali jingine, nikalishika mpaka akakata. Sikumuuliza mimi nikija nitalala wapi.

Baba yako, niliyebaki ng'ambo hii,
Manase